Fomu ya Farasi wa Mti

Fundi matandiko alikuwa amegoma. Binti yake, nesi, alikuja asubuhi hiyo kumchukua akaishi kwake ghorofa ya tano, na yeye alikaa kwenye kigoda chake akishona mkanda wa kikuku cha kukanyagia mpanda farasi, kana kwamba masikio ameyaazima mtu. Hoja za binti zilikuwa na uzito wake: mtu wa miaka sitini na tisa, aliyefiwa na mke, analala peke yake nyuma ya karakana, akianguka, nani atajua? Hoja za fundi zilikuwa mbili tu. Ghorofa ya tano hakuna kazi, na yeye hataki.

Kazi yenyewe ilisimama katikati ya chumba kwa miguu minne. Alikuwa farasi wa mti, mrefu sawa na farasi wa kweli, kachongwa na seremala ambaye bila shaka farasi alisimuliwa tu. Mteja akileta vipimo vya farasi wake, fundi alimvika huyu mablanketi mpaka akanenepa kiasi cha yule, kisha akapima tandiko juu yake. Bila farasi huyo kazi haiendi, na bila kazi fundi hakuwa na neno lolote la kumwambia binti yake.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea, maana mabishano yalikatwa na hodi. Aliingia afisa wa mifugo, fomu mkononi. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amelalamika kwamba kwa miaka anaona dirishani farasi asiyetolewa nje hata siku moja. Afisa alimzunguka mshtakiwa wa miguu minne, akamgonga ubavuni kwa kidole, akasema kwamba huyu ni wa mti. Fundi akakubali. Afisa aliitazama fomu yake, halafu akaeleza kwa upole kwamba ina nafasi ya rangi, umri na jinsia, lakini haina nafasi ya kuandika mti. Na lalamiko likishafunguliwa halifungwi mpaka maswali yote thelathini na moja yajibiwe.

Fundi alikuwa na maradhi mabaya ya kutoweza kudanganya juu ya kazi yake. Farasi anakula nini? Hali kitu. Tangu lini? Miaka kumi na tisa. Afisa akaandika: hamu ya kula ni hafifu. Maji alipata mara moja, paa lilipovuja. Ukwato mmoja uliliwa na mchwa, akauziba kwa gundi na unga wa mbao. Afisa akataka kujua kama tiba hiyo iliidhinishwa na daktari wa wanyama. Lijamu je, anaivaaje? Inafungwa kwa uzi, kwa kuwa mdomo haufunguki. Na tandiko huachwa mgongoni kwa muda gani? Hapo fundi alikuna kichwa, akakiri kwamba lililopo linamsubiri mwenyewe tangu mwaka jana. Afisa alihuzunika kwelikweli.

Muda wote huo binti alikuwa kajiziba mdomo, mbavu zinamuuma kwa kicheko. Afisa akafungua ukurasa wa mwisho. Alisema farasi ni mnyama wa kundi. Akiachwa peke yake hunyong'onyea, hata chakula humshinda.

"Mara ya mwisho kutembelewa ni lini?"

"Mwezi wa pili," alijibu fundi.

Kicheko cha binti kilikatika. Aliyekuja mwezi wa pili ni yeye, akakaa nusu saa, mkoba begani. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Afisa alijumlisha alama, zikatoka nne kati ya thelathini na moja. Mnyama lazima aondolewe leo hii akawekwe zizini na wenzake, isipokuwa kama yuko mtu wa familia atakayesaini kwamba atakuja kumwangalia mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo binti alikuwa ameshinda bila kutoa jasho. Farasi akienda, baba hana pa kung'ang'ania. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Fundi alilijua hilo, na alijua kwamba binti analijua. Sindano ilisimama mkononi mwake. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa, ila kumbembeleza mtoto aliyemzaa hakuweza.

"Nipe kalamu," binti alimwambia afisa.

Akasaini. Kisha akaisoma fomu toka juu hadi chini, akauliza baba yake ameandikwa wapi. Afisa akajibu kwamba mzee hamo, na asiyekuwepo na lake halipo.

"Mwandike."

Afisa alipekua, akapekua, mwishowe akapata nafasi palipoandikwa "Wanyama wengine waliopo". Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya wodini: mmoja, dume, anakula vizuri akipikiwa, meno ya juu pungufu, mkaidi akivutwa hatamu. Fundi alitaka kupinga hilo la ukaidi, akaona atauthibitisha mwenyewe.

"Anaishi peke yake?" aliuliza afisa.

Binti aliutua mkoba wake chini.

"Alikuwa, kabla ya leo."

Afisa akaandika hivyo hivyo. Fundi aliinamia mkanda wake wa kikuku, machozi yakamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.