Spana Iliyorudi Msumarini

Jamani, nina habari mbili, na zote zilitokea Jumamosi moja kabla ya saa tano asubuhi, mimi nikiwa nimelala chali juu ya gunia chini ya gari la baba. Moja ni nzuri mno, nusura nijigonge kichwa kwenye bomba la moshi kwa furaha. Ya pili sikuijua mpaka Jumatano. Nitajitahidi kusimulia kwa mpangilio, maana nyumbani wananiita Redio, na baba husema redio hii ilitoka kiwandani bila kitufe cha kuzimia.

Nianze na mama. Figo za mama zimekufa. Haya, nimeshasema. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi anatakiwa awe kwenye kiti chake hospitalini, upande wa pili wa mji, aungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine ziko sita, wanaozitaka hata sijui niseme wangapi. Kwa hiyo mlangoni wamebandika sheria kwa herufi kubwa: ukichelewa mara tatu, kiti chako anapewa anayesubiri. Sisi tulikuwa tumeshachelewa mara mbili. Zote kwa sababu ya gari.

Gari lenyewe limenizidi miaka miwili. Ningekuwa na adabu ningekuwa naliamkia. Mara ya kwanza lilizima njiani. Mara ya pili lilikuwa gereji: fundi alilichukua Jumamosi kubadilisha oili tu, akasema kesho, Jumapili akasema kesho, na Jumatatu alfajiri baba alikuwa amesimama mbele ya geti lenye kufuli, ameshika mfuko wa shuka za mama.

"Basi," baba akasema jioni ile, gari limerudi na oili ile ile. "Gari hili sitampa mtu tena. Tutalihudumia wenyewe, hapa uani."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani? Wewe, Bwana Stoo? Lini umefungua nati, hata ya kitanda?"

Ukweli ni huo. Baba alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye karakana ya kampuni ya mabasi, na katika miaka yote hiyo hakulala chini ya basi hata siku moja. Alikuwa mtunza stoo. Yeye ndiye aliyewapa mafundi vyombo. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananipeleka, na mimi niliona ile stoo kama ikulu: ukuta mzima ni ubao, na kila spana, kila koleo, kila bisibisi imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, na msumari wake. Fundi akitaka chombo anaacha kipande cha shaba chenye namba yake. Kipande kinaning'inia msumarini mpaka chombo kirudi. Na sheria ni moja: chombo hakirudi kabla kazi haijakwisha. Ubao ukijaa, basi linatoka yadi. Ubao ukiwa na tundu, hakuna gari kuwashwa, hata meneja apige kelele vipi.

"Navijua vyombo," baba akamjibu mama. "Huyu atafanya kazi ya mikono. Amesoma."

Huyu ndiye mimi! Mimi niliyesomea kemia ya maji na nikakaa nyumbani mwaka na nusu. Nilifurahi jamani, usiku huo huo nikaingia mtandaoni nikaandika orodha ya vyombo thelathini na nane.

Dukani baba aliisoma orodha yangu mlangoni, akatoa kalamu, akaanza kukata. Alibakiza tisa.

"Baba! Hata kile cha kuvutia beringi?"

"Unavuta beringi gani, mwanangu? Tunabadilisha oili."

Mwenye duka akatukimbilia na sanduku jekundu linalong'aa, ndani vyombo mia na ishirini vimelala kwenye povu kama mayai. "Mzee, hili ndilo. Ukiwa na hili huhitaji kitu kingine mpaka unaingia kaburini."

Baba akachukua soketi moja, kile kikombe cha chuma cha kufungulia nati, akaitazama ndani, akairudisha. "Ina pembe kumi na mbili. Itakula nati. Nipe yenye pembe sita."

"Zote ni sawa, mzee."

"Kama ni sawa, si unipe ya sita."

Akaanza kugonga spana moja moja kwenye ukingo wa meza, ameinamisha kichwa. Nyingine ililia *ting*, akaiweka kulia. Nyingine ilitoa sauti ya kijiko cha bati, akaiweka kushoto, mbali, kama imemtukana. Watu wakaanza kusogea kutazama. Alichukua namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na saba, akaacha nyingine zote, akasema gari letu halina nati ya kumi na tatu, kwa nini tuifuge? Jeki ya kukaa chini, na stendi mbili za chuma, maana jeki ni ya kunyanyulia tu, anayelala chini ya jeki amechoka kuishi. Spana ya mkanda ya kushikia filta. Beseni pana la kumwagia.

Mwishoni akaomba spana ya kipimo. Hii ni ndefu, ina namba mpinini. Unapanga nguvu unayotaka, unakaza, na nati ikifika inalia *tik*. Kabla ya *tik*, haijakaza. Baba aliikumbatia, sisemi uongo.

"Mzee, wewe ni fundi wa wapi?" mwenye duka akauliza, sasa kwa heshima.

"Mimi si fundi. Mimi ndiye niliyekuwa nawanyima."

Watu walicheka! Nilitembea kuelekea nyumbani kama nimeshika mkono wa waziri.

Ijumaa, baada ya kutoka hospitali na mama, alishinda anatengeneza ubao. Alitumia mlango wa kabati bovu, akachora kila chombo kwa rangi nyeupe, akapiga misumari. Halafu akaponda vifuniko vya soda, akavitoboa namba kwa msumari. Moja ni yeye. Mbili ni mimi.

"Baba, tuko wawili tu! Nani ataiba?"

"Siyo wizi, Redio. Wawili wanatosha kabisa kusahau."

Jumamosi ndiyo hiyo sasa. Saa tatu gari liko juu ya stendi, mimi chini, baba amekaa kwenye stuli mbele ya ubao kama hakimu. Mama yuko dirishani chumbani, miguu juu ya mto, anatutangazia mpira. "Fundi ameingia uwanjani... fundi amepakaa oili puani..."

"Kumi na saba," nikaita.

"Kipande?"

Nikamrushia kifuniko. Akaning'iniza, akanipa spana. Kizibo cha oili kilifunguka vizuri, hakikuliwa hata pembe moja. Oili ikatoka nyeusi kama lami. Nikarudisha kumi na saba, nikapewa kipande. Oili ikaisha kudondoka. Nikafuta kizibo, nikaweka washa mpya, kile kipete cha kuzuia kuvuja, nikakizungusha kwa vidole mpaka kikagota.

"Spana ya kipimo!"

Baba akapanga namba mwenyewe, amevaa miwani. Akaning'iniza kifuniko changu, akanipa kwa mikono miwili.

Na hapo simu ikalia mfukoni.

Ilikuwa kampuni ya maji. Ile ya maombi niliyopeleka mpaka nikasahau! Mwanamke akasema usaili Alhamisi saa tatu, maabara, wanataka watu wawili na walioitwa ni watatu. Watatu! Nikaweka spana juu ya gunia, nikajiburuta nje, nikamrukia baba na mikono yangu ya oili, nikakimbia ndani kwa mama. Tukapiga vigelegele. Mama akataka nimsimulie tena kila neno la yule mwanamke. Akauliza nitavaa nini. Nikafungua kabati. Tukabishana kuhusu sketi. Labda ni nusu saa, labda zaidi.

Niliporudi uani ubao ulikuwa umejaa. Spana ya kipimo iko msumarini, imefutwa, inang'aa, ndani ya umbo lake jeupe. Kifuniko changu namba mbili kimetolewa msumarini, kiko kwenye kopo la vifuniko.

Nikaukumbuka ubao wa utotoni. Chombo hakirudi kabla kazi haijakwisha. Nikaendelea na filta. Nikamimina oili mpya, rangi ya asali. Baba akawasha, tukasikiliza, na jamani, lile gari lilinguruma kama paka aliyeshiba.

"Ubao?" baba akauliza.

"Umejaa."

"Litoke yadi."

Jumatatu tulifika hospitalini dakika ishirini kabla. Ishirini! Muuguzi wa mashine akamwambia mama, "Leo mmelala hapa hapa?" Baba alijibu kabla ya mama: "Tumelihudumia wenyewe." Alirudia kumwambia mlinzi. Alimwambia na mtu wa kufagia.

Jumatano tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Mama mbele, amefunga macho, maana siku ya mashine huwa amechoka kabla hajaamka. Mimi nyuma, kitabu cha gari mapajani, nimekisoma mara tatu kama ninajiandaa na mtihani. Tulipanda kilima cha daraja, tukashuka, tukapita barabara yenye mashimo karibu na kiwanda cha matofali. Nilisikia kitu kidogo kikigonga chini. Nikadhani kokoto.

Baada ya hapo taa nyekundu ikawaka mbele ya baba. Ile ya oili, yenye picha ya birika.

"Taa imewaka," baba akasema polepole.

Ukurasa wa arobaini na moja. Nilikuwa nimeupigia mstari. *Ikiwaka, zima injini mara moja.* Saa kwenye gari ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi na tano. Tukisimama, ni mara ya tatu. Tukienda, labda. Baba akanitazama kwenye kioo, aliniuliza kwa macho tu, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Na mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata kanisani, siku ile nilinyamaza.

Akakanyaga mafuta.

Injini ilianza kugonga kama mtu anapiga mlango. Halafu ikalia, sauti siwezi kuielezea, halafu ikakwama, ikafa. Gari likateleza pembeni lenyewe. Nilishuka nikachungulia: mstari mweusi barabarani, umetoka mbali, umefika mpaka hapa, na chini ya injini tundu. Kizibo hakipo.

Tulipata gari la kutubeba baadaye sana. Tulifika saa mbili kasoro. Kwenye kiti cha mama kulikuwa na kijana aliyefunikwa shuka ya maua. Muuguzi, yule yule wa utani, hakututazama usoni. Walimuosha mama damu siku ile, mara moja, mchana, kwa huruma yake. Kisha akaandika jina la mama kwenye daftari jingine. Mbele yake wapo kumi na mmoja.

Jioni baba alisimama mbele ya ubao wake uliojaa.

"Ulikikaza?" akaniuliza.

"Baba, nilikuta spana imerudi. Nikajua umemalizia wewe."

"Mimi niliikuta chini. Umeiweka chini, umeondoka. Nikajua umemaliza."

"Hukusikia *tik*?"

"Ulikuwa unapiga vigelegele, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia spana, akaivaa tena ikiwa na ukungu wa oili.

Alhamisi nilienda kwenye usaili. Mama ndiye aliyenifukuza, akachagua sketi. Na nimepata! Nimepata kazi jamani, naanza tarehe moja, koti jeupe, bima ya familia nzima, nilirudi nikikimbia. Mama akanipigia makofi kitandani. Makofi hayakutoa sauti, mikono imevimba, pete amehamishia kwenye uzi shingoni. Nimehesabu siku mpaka tarehe moja. Ni kumi na tisa. Nimesoma pia mtu wa figo kama zake anaweza kukaa muda gani bila mashine, hilo silisemi hata kwa mtu mmoja, na mama haniulizi. Kila asubuhi napiga simu hospitali. Jana walibaki kumi mbele yake. Sikuuliza yule mmoja amepungua vipi.

Fundi alikuja kutazama injini. Akafungua boneti, akafunga.

Kila asubuhi baba anachukua tochi na fimbo, anatembea kwa miguu mpaka kiwanda cha matofali, anapekua majani pembeni mwa barabara. Mama humuuliza, "Bwana Stoo, unatafuta nini? Gari limekufa." Naye humjibu, "Kuna kitu hakijarudi."

Leo amekipata. Aliingia chumbani na vumbi mpaka magotini, akafungua kiganja mbele ya mama. Kizibo kizima, washa bado iko, hakijaliwa hata pembe moja.

"Ndicho?" mama akauliza.

"Ndicho."

"Kidogo hivyo?"

Baba akakaa chini kando ya miguu ya mama, ile isiyoingia tena kwenye ndala. Mimi nilitoka uani. Ubaoni kuna umbo jipya jeupe, dogo, rangi bado haijakauka, na msumari. Alikuwa amelichora asubuhi, kabla hajaondoka.