Nakala Imekamilika, Alisema Telesphor

Mimi kusamehe siwezi. Mungu anajua, na padri wangu anajua pia.

Mwaka tisini na nane nilikuwa karani wa kompyuta kwenye mradi wa chanjo ya ng'ombe, Misunkumilo. Telesphor, mtaalamu wa kutoka Dar, alituandikia programu kwa lugha ya Perl. Kila Ijumaa naweka diski, naendesha ile programu, inaita programu nyingine ya kunakili, halafu inaandika: "Nakala imekamilika." Nafunga ofisi, naenda zangu.

Diski alitunza bosi, Mzee Manyanda. Alisikia kwenye semina kwamba virusi huingia kwenye diski iliyo wazi, basi kabla hajanipa anasukuma kale kakufuli ka plastiki ka pembeni, kama anavyofunga zizi lake. Diski ikifungwa hivyo haiandikiki. Hakuna aliyejua hilo.

Januari kompyuta ikafa. Diski zote tupu! Miezi minane, hakuna anayejua ng'ombe yupi kachanjwa. Telesphor akasimama mbele ya wafugaji: "Programu yangu haina kosa. Huyu mama alikuwa haiendeshi." Wakaniita mwongo. Nikatupwa stoo kuosha chupa, na barua juu: nikikosea tena, kazi sina.

Chupa nikaosha. Wenzangu wakienda kula mchana, mimi na kitabu cha Perl na kamusi. Nikajifunza kwamba programu ukiiita, ikimaliza inarudisha namba: sifuri ni salama, nyingine yoyote ni kosa. Nikafungua kazi ya Telesphor. Lo! Ile namba hakuiangalia hata mara moja. Na maonyo kayaficha, eti skrini ipendeze! Jamani, ukimtuma mtu kijijini Kasokola akuombee mbegu, akirudi si unamuuliza, "Wamesemaje?" Huyu mjumbe hajafika hata njia panda, Telesphor keshatangaza tumepewa.

Nikaandika programu yangu mwenyewe, nikaificha. Nilimtaka mbele ya watu walewale.

Juni Telesphor akarudi kutuonyesha programu mpya, wafugaji wamejaa ofisini. Nikanyoosha mkono. "Kaka, hebu iendeshe bila diski."

Akacheka. "Bila diski, mama?"

"Iendeshe, bwana," akasema Mzee Manyanda.

Ikaandika: "Nakala imekamilika."

"Imenakili wapi?" akauliza Nyanzala, mfugaji wa Kisukuma mwenye sauti kubwa. "Mfukoni mwako?"

Wakaangua kicheko. Nikaendesha ya kwangu: "Imeshindikana. Hakuna diski." Nikaweka diski ya bosi: "Imeshindikana. Diski imefungwa." Mzee Manyanda akatazama chini. Huyo naye zamu yake inakuja. Lakini siku hiyo alinirudishia kiti changu, na Telesphor akaambiwa afungashe, mkataba umekwisha.

Akanifuata mlangoni, jasho linamtoka. "Dada Dafrosa, si ungenivuta pembeni? Unanidhalilisha mbele za watu, na nina watoto."

"Watoto wako wako Dar, hawajaona kitu," nikamwambia. "Mwanangu Scola siku ile ya Januari alikuwa pale dirishani, ananisubiri twende nyumbani."