Alichoambiwa Bonifas Kilosa

Hildegarda alipogundulika ana virusi vya UKIMWI, mimba ya mwanawe Brightness ilikuwa ya miezi minne. Hakuhitaji kuambiwa vilitoka wapi. Mume wake wa kwanza, dereva wa malori ya miwa, alifia Mikumi kwa ugonjwa ambao ndugu zake waliuita kifua. Bonifas, mume wa pili, alipimwa akakutwa salama, na mtoto naye akazaliwa salama. Lakini tangu siku ile ya majibu Bonifas alihamia stoo, akatandika godoro kati ya magunia ya mahindi, na hakumgusa tena mkewe.

Hakuwa mtu mbaya. Alilima, alimsomesha mtoto, siri ya mkewe hakumwambia mtu pale Kidete. Ila kanisani, wakati wa kupeana amani, aligeukia benchi la nyuma, akawashika mikono wote waliokuwapo, kisha akaketi bila kumpa mkono mkewe aliyekuwa pembeni yake.

Miaka minane ikapita hivyo. Mwezi wa tatu mwaka huu Hildegarda aliugua malaria, ikamlegeza kabisa, na siku ya kuchukua dawa zake za virusi ikawa imefika. Ilibidi Bonifas ampeleke Kilosa. Kliniki, nesi aitwaye Agnesi akawaingiza wote wawili.

"Shikamoo, baba. Leo nimefurahi kukuona. Mnaishije nyumbani?"

"Marahaba. Tunaishi kwa tahadhari. Simgusi."

"Humgusi vipi?"

Bonifas alitazama sakafu. "Hata kumbusu. Mate si yana virusi?"

"Mate hayaambukizi, baba. Kubusiana, kukumbatiana, kupapasana, virusi havipiti hapo. Halafu mama anameza dawa bila kukosa. Miaka sita sasa kila tukipima, virusi ni vichache mno hata kipimo hakivioni. Mtu wa hivyo, akiendelea na dawa zake, hata kwa tendo la ndoa lenyewe hamwambukizi mwenzake."

Bonifas akamgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba Brightness. Mara mbili. Ukasema manesi wanatufariji tu."

Bonifas akapokea dawa za mkewe, wakarudi Kidete.

Siku ya tatu yake, Hildegarda alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Bonifas akaja, akakaa ubavuni pake, akamshika mkono. Mkono wa Hildegarda ukachomoka kabla mwenyewe hajafikiri. Wote wawili wakashtuka.

"Nisamehe, Hilda."

"Nimekusamehe," alisema, na ilikuwa kweli. "Ila nimezoea kutoguswa. Sijui naanzaje."

Kisha akalia, bila kujifunika uso. Hakulilia ugonjwa, huo alishaulilia ukaisha. Alimlilia yule mwanamke aliyekuwa yeye zamani, wa miaka thelathini na tisa, aliyekuwa akikohoa makusudi chumbani peke yake ili mtu wa stoo aulize kama ni mzima. Bonifas alibaki palepale, kiganja wazi juu ya paja, asijue aurudishe mkono au auache.

Juma lile alihamia tena chumbani. Wanalala kitanda kimoja, kila mtu ukingoni kwake, kama wageni waliokutanishwa na safari. Kuna siku Hildegarda huweza kuegemea bega la mumewe kwa kitambo kidogo. Siku nyingi hawezi.