Kicheko cha Saa Mbili

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa upande wa pili wa kioo nikimfungulia na kumfungia maikrofoni mama mmoja tuliyemwita Shangazi Saa Mbili. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, kwa kuwa alisoma habari za saa mbili asubuhi na hakuchelewa hata siku moja. Alikuwa mtu wa staha. Taarifa ya msiba aliisoma kama vile wafiwa wamekaa mbele yake.

Jumanne moja, baada ya habari, alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Alikuwa kwenye tangazo la mwalimu mstaafu, amefika penye "ameacha mjane, watoto sita na wajukuu", mara kiti chake kikaanza kushuka. Ni vile viti vya kuzunguka, na hicho kilikuwa kimechoka siku nyingi. Kilishuka polepole huku kikilia kama mbuzi, hadi kidevu cha Shangazi kikagusa meza. Alijikaza. Akarudia "na wajukuu", kisha kicheko kikamponyoka. Na mimi nilikuwa nimeshika mbavu, mkono wangu ukachelewa kufunga maikrofoni. Sekunde tisa.

Nilipomrudisha hewani aliomba radhi mara mbili, akalisoma tangazo upya toka mwanzo. Zamani mambo yangeishia hapo. Neno la redio likishapita limepita, aliyelisikia kalisikia.

Kufika adhuhuri, kipande cha sauti hiyo kilikuwa mitandaoni. Aliyekikata alianzia kwenye jina la marehemu na kuishia kwenye kicheko. Kiti hakionekani redioni, na ile radhi haikuwemo. Jioni shemeji yangu akanitumia, hajui kwamba nilikuwepo. Chini yake ameandika: "Huyu mama hana utu, lakini nimecheka."

Kesho yake tukaitwa ofisini kwa meneja. Nilijua ni barua ya onyo. Tukamkuta meneja na mkuu wa masoko ya mtandaoni, dada wa miaka thelathini hivi tuliyempachika jina la Takwimu, kwa kuwa hasemi bila kutaja idadi.

"Shangazi, watu laki nane wamekusikia tangu jana," alisema. "Taarifa zetu za mwaka mzima hazijawafikia watu wengi kiasi hicho."

"Nataka kuwaomba radhi wafiwa," Shangazi akasema.

"Utaomba. Tutaiweka kwenye ukurasa wetu."

Iliwekwa. Ilisikilizwa na watu mia nne na kidogo.

Haya mambo yana sababu yake, nami sitaki kumwonea mtu. Redio ilikuwa hoi. Kampuni ya sabuni iliyodhamini habari za saa mbili tangu enzi za meneja wa kwanza ilikuwa imetuaga, imehamia kwa binti mmoja anayefua nguo za mwanawe mbele ya simu. Watangazaji watatu walikuwa wamekwisha kupunguzwa. Sasa kampuni ya magodoro imepiga simu yenyewe, bila kubembelezwa, na inachotaka ni kicheko.

Shangazi alitoka, akanisubiri kwenye ngazi. "Fundi, nisindikize kwa wenyewe."

Tulikwenda Jumapili, mazishi yameshapita. Alitupokea binti mkubwa wa marehemu, muuguzi, bado amevaa sare za kazi. Sebuleni viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani, havijarudishwa. Shangazi alianza kusema, yule dada akamzuia kwa upole.

"Sisi tulikusamehe siku ileile, mama. Redio ilikuwa wazi, tulikusikia ukituomba radhi. Mama yangu alisema, huyu kapatwa na jambo, si bure."

"Ahsante, mwanangu."

"Lakini sasa kila mtu ananitumia. Jana wodini mgonjwa alikuwa anajichekea na simu yake. Nikafurahi, maana alikuwa hajacheka wiki nzima. Nikachungulia. Ni baba. Niambieni basi, inafutwaje?"

Shangazi akanigeukia mimi, mtu wa mitambo. Nilimweleza ukweli yule dada. Rekodi ya kwetu naweza kuifuta. Za watu wengine nimeziripoti kurasa arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, na jibu lililorudi ni lilelile: haijakiuka kanuni zetu.

"Hao wenye kanuni wanakaa wapi?"

Sikujua. Niliona aibu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao akashindwa kuieleza.

Wiki iliyofuata meneja akalisema bila kuzunguka: tangazo la godoro lisipokuja, habari za saa mbili zinafungwa, na watu saba wanakwenda nyumbani. Mimi nikiwemo. Shangazi akakubali kwa sharti moja, kwamba neno lolote la lile tangazo la msiba lisisikike. Acheke upya, kicheko kitupu.

Tukaingia studio. Alicheka mara kumi na nne. Mara ya kwanza alikuwa kama anakohoa. Ya tano ilifanana na mtu anayeita teksi. Takwimu hakumfokea hata mara moja, alimletea maji, akamshika bega.

"Fikiria kitu cha kuchekesha, Shangazi."

"Nafikiria."

"Kitu gani?"

"Kile kiti. Lakini nikikiona kiti, namwona na yule dada."

Akavua vipokea sauti vya masikioni, akavilaza mezani taratibu, akatoka. Takwimu akabaki akiangalia kioo. Kisha akaniambia nitoe ile rekodi ya awali. Ni mali ya redio, mkataba unasema hivyo. Nikate kicheko peke yake, nianzie baada ya "wajukuu".

Ningependa kusema nilikataa. Nina watoto watatu shule. Nilikata vizuri sana, hata pumzi ya lile neno haikubaki. Nilijiambia angalau sharti la Shangazi limetimizwa.

Tangazo lilipotoka, redioni na mtandaoni, watu walilijaza wenyewe. Kicheko kikisikika tu, chini yake wanaandika: "ameacha mjane, watoto sita." Mamia kwa mamia. Wengine wameongeza idadi ya watoto. Takwimu alinionyesha akiwa hana raha, akasema hilo hakulitarajia. Namwamini.

Shangazi bado anasoma. Habari zimepunguzwa hadi dakika tatu, na kabla ya kuanza linapigwa tangazo la godoro, sauti yake akicheka, halafu yeye anasema hamjambo. Matangazo ya vifo aliomba asiyasome tena. Msomaji mwingine hatuna, kwa hiyo yameondolewa. Nikimfungulia maikrofoni siku hizi hanitazami, anatazama karatasi.

Juzi yule muuguzi alinipigia simu. Hakulalamika. Mama yake, alisema, amezoea kufungua redio akiamka, na hawajui wamwambieje aizime kabla ya kicheko. Alitaka tu kujua tangazo la godoro litaendelea hadi lini.

"Mkataba ni mwaka mmoja," nikamjibu. "Na wanaweza kuongeza."

"Haya, fundi," akasema. "Ahsante kwa kuniambia."