Kisima cha Saba Kinadonolewa

Rogaciano Omega, msimamizi wa zamu katika kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini, milimani juu ya mji wa Ormoc, Ufilipino, hakuwaamini watu wanaolijua bomba kwa kutazama skrini. Basi asubuhi ile Teodulfa, mkemia ambaye wote walimwita Nang Dulfa, yaani dada mkubwa, alipomwambia afunge kisima cha saba, alicheka.

"Nang, mashine yako imeona mzimu tena?"

"Mzimu hali chuma, Rogs. Njoo uone."

Maji ya kisima kile yalikuwa makali kama siki, tena ya moto kuliko yanayochemka jikoni. Dulfa alikuwa amechomeka bombani vijiti viwili, vya chuma kilekile cha bomba. Chuma kikiliwa hutoa umeme kiduchu, na umeme huo aliufuatilia miezi mitano, ukichora mstari uliotulia kwenye skrini. Leo mstari uliruka ghafla, ukashuka polepole, ukaruka tena.

"Waya umelowa huo. Jana mvua ilinyesha kutwa nzima."

Dulfa alibadilisha nyaya zote mbele ya macho ya Rogaciano, akaleta na mashine ya akiba. Mstari ukaruka vilevile.

"Chuma kikiliwa sawasawa, mstari hutulia. Hiki kinadonolewa, vitundu vitundu. Vile vipande vya chuma mnavyoviweka bombani na kuvipima uzito kila mwezi havitakwambia. Kitundu kina uzito gani?"

Rogaciano alijua kwamba akifunga kisima, ofisi itamfokea yeye. Lakini alasiri ile mafundi watatu wangechomelea vyuma chini ya bomba lenyewe. Alimtazama yule mama, hata jasho hana, hata sauti hajapandisha. Akaagiza vali ifungwe.

Simu zikalia, akafokewa kweli. Bomba lilipopoa, wakaikata kona yake ya kwanza. Kwa nje ilikuwa safi. Kwa ndani ilikuwa kama ubao ulioliwa na bungua, na penye shimo refu zaidi chuma kilichobaki hakikuzidi unene wa ukucha.

"Susmaryosep," fundi mmoja akanong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

Rogaciano alienda kumtafuta Dulfa. Alimkuta ameketi kivulini, akifungua wali wake uliofungwa kwa jani la mgomba.

"Nang, nisamehe. Ningewaua wale."

"Umefunga, hukuua. Umekula?"

Akamkatia nusu ya samaki. Rogaciano akala. Kisha wakarudi ndani, akavuta kiti mbele ya skrini, akauliza kama mwanafunzi: "Haya, nionyeshe. Kuruka kunaanzia wapi?"