Siumwi

Kama ungemwona Cassian Rweyemamu akishuka kwenye Land Rover ya utafiti mwaka ule wa 1953, ungemsamehe maringo yake. Kaptura ya kaki ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wima, soksi zilipanda hadi magotini, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya Tabora, kile cha kutamka kila silabi kana kwamba inapimwa kwenye mizani. Vijana wa Karagwe waliofika Makerere wakarudi na udaktari walikuwa wachache mno. Mama yake, Kokushubira wa kijiji cha Ndama, alimtaja kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Lakini si maringo yaliyompeleka kwenye kazi ile. Kilikuwa kifo cha mama yake mdogo, Eugenia. Cassian alirudi likizo akamkuta amefichwa chumba cha nyuma, majani yanafukizwa mlangoni ili wageni wasisikie harufu ya titi lililokuwa likioza. Alikuwa ameubeba uvimbe ule kwa miaka bila kumwambia mtu, na siku aliyosema, hapakuwa tena na cha kukata. Baada ya mazishi, Cassian alimkuta mama yake jikoni amekaa mbele ya jiko lisilo na moto. Akamshika mikono.

"Mama, hii haitatokea tena katika nyumba hii. Nitautafuta ugonjwa huu ungali mdogo. Nitautafuta nyumba kwa nyumba."

"Utautafuta, mwanangu," mama alisema. "Mimi najua utautafuta."

Basi alipotokea Mwingereza mmoja, Daktari Pryce, mwenye fedha za kuchunguza uvimbe wa matiti kwa wanawake wa Karagwe, Cassian hakungoja kuitwa mara mbili. Mpango ulikuwa mzuri kuusikia. Wangezunguka vijijini, wamuulize kila mwanamke mzima swali moja. Atakayejibu ndiyo angepita nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye kamba, na huko angemkuta Placidia, mkunga wa Kimuli, ampapase kwa mikono yake. Mwenye uvimbe angepelekwa Bukoba akakatwe mapema. Atakayejibu hapana angekwenda zake kulima. Mwanamume kumpapasa mwanamke wa watu kifuani lilikuwa jambo lisilosemeka, na Placidia mmoja asingeweza kuwapapasa wote, kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya swali lile. Swali ndilo lililokuwa mlango.

Na Pryce alikuwa mkali kuhusu swali. Liwe lile lile, kwa maneno yale yale, kwa Kiswahili, kila kijiji. Ukimuuliza huyu hivi na yule vile, alisema, huwezi kulinganisha majibu. Hilo ni kweli kabisa, na Cassian alilipenda kwa sababu lilikuwa kweli. Akakaa nalo jioni nzima, akaligeuza kutoka Kiingereza, akatoka na Kiswahili safi chenye heshima zake: *Unaumwa ziwa?*

Walianzia Kaisho. Bibi wa kwanza, mkulima wa maharage, alimsikiliza kwa makini, akamtazama kwa huruma.

"Ziwa liko Bukoba, mwanangu. Mimi sijawahi kulifikia."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Placidia alisikika akicheka nyuma ya mkeka. Cassian naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka. Usiku huo alilifuta neno ziwa akaweka titi, wakaanza upya kesho yake, na Pryce akamsifu kwa uangalifu wake. Hapo ndipo moyo unaponiuma mimi ninayekusimulia. Alikuwa amelipata neno moja bovu, akaridhika. Lile jingine lilikaa pale pale kando yake, limenyamaza, na hakuligeukia hata mara moja.

*Unaumwa titi?*

"Siumwi," walisema Kaisho. "Siumwi," walisema Kimuli. Placidia alikaa nyuma ya mkeka wake bila kazi, akafuma sweta la mtoto likaisha, akaanza la pili. Mara chache alipita mama mwenye jipu la kunyonyesha, akakandwa, akapewa dawa, akaenda.

Walipofika Ndama wanawake walikataa kabisa kutoka vibanjani, kwenye migomba yao. Ilisemekana wazungu wanatafuta maziwa ya mama kwa mambo yao. Land Rover ilikaa uwanjani asubuhi nzima imezungukwa na mbuzi. Pryce akaanza kutazama saa yake, na Cassian, aliyekuwa nyumbani kwao, alitamani ardhi imfiche.

Ndipo Kokushubira alipotoka migombani. Alikuwa amejifunga ile shuka yake ya Pasaka, amejipaka mafuta mpaka uso unang'aa. Hakwenda kwa mwanawe kama mama. Alikwenda akasimama mbele ya meza, mikono imekunjwa, kama mtu yeyote aliyeitwa na serikali. Wanawake walianza kuchungulia kwenye migomba, mmoja, kisha kundi, wakaja wakajipanga nyuma yake, kwa sababu alipokwenda Kokushubira nao walikwenda.

"Shikamoo, mama," Cassian alisema.

"Marahaba, Bwana Daktari."

Nyuma yake wakacheka. Cassian akajitahidi asitabasamu.

"Unaumwa titi?"

Kokushubira hakuwa na Kiswahili. Alikuwa na maneno machache ya sokoni na ya kanisani. Lakini jibu hili alikuwa amejifunza. Alikuwa amewauliza jirani walioolewa kutoka Kaisho serikali inauliza nini na inajibiwaje, akalisema neno lile peke yake akipalilia kahawa, siku baada ya siku, ili siku ikifika mwanawe asiaibike mbele ya mzungu kwa kuwa na mama asiyejua lugha ya ofisi. Akavuta pumzi, akalitoa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Siumwi!"

Pryce mwenyewe alipiga makofi. Mama akageuka, akapita mbali na mkeka, akaenda kusimama kando awaangalie wenzake. Na wenzake, mmoja mmoja, walisema walivyomsikia akisema. Siumwi. Siumwi. Siumwi. Ndama ilikwisha kabla ya jua la mchana, na jioni Cassian alikula ndizi na maharage kwa mama yake huku akimwambia kwamba bila yeye kazi ingekufa siku ile. Mama akajaa furaha, akamwongezea mchuzi.

Matokeo yalisomwa Kampala mbele ya madaktari. Wanawake wa Karagwe, ilisemwa, karibu hawaujui ugonjwa huu. Watu walisogeza viti mbele. Pengine ni ndizi, mmoja alisema. Pengine ni kunyonyesha watoto wengi, alisema mwingine. Cassian alisimama kando ya Pryce, akaulizwa maswali, akayajibu kwa Kiingereza kizuri. Walimpa nafasi ya kubaki Kampala kama mtafiti, jambo ambalo mtu wa kwao hakuwahi kupewa. Alikubali. Nani angekataa? Mambo yalimnyookea, na kila mwezi alituma salamu nyumbani kwa dereva wa lori la kahawa, na kila mwezi salamu zilirudi: mama hajambo.

Alirudi Ndama mwaka uliofuata, wakati wa kuanika kahawa. Alitembea kutoka barabarani akipita kati ya mikeka iliyojaa buni nyekundu, akiwa na zawadi ya blanketi begani. Mama alimwona kwa mbali, akaja kumpokea kwa shangwe, akamkumbatia kwa mkono mmoja.

Mkono wa kushoto aliuacha ubavuni, umevimba kama mguu. Kisha upepo ukageuka kidogo, na Cassian akasikia kutoka ndani ya shuka harufu ya majani ya kufukiza.

Blanketi lilianguka kwenye buni. Hakuliokota.

Ndani, mlango ukiwa umefungwa, mama alikubali atazame. Si kwa sababu ni daktari, alikubali kwa sababu alimwona mwanawe anatetemeka. Cassian alitazama. Alikuwa amesoma na kuona mengi Kampala, na alijua palepale kwamba hakuna kisu cha Bukoba wala cha Kampala kilichobaki cha kufanya.

"Tangu lini?" aliuliza. Sasa alikuwa akisema Kinyambo, lugha ya kwao, kwani Kiswahili chote kilimtoka. "Mama, tangu lini?"

"Kabla hamjaja na gari. Kilikuwa kama harage. Ukikigusa kinakwepa."

"Kabla hatujaja!" Cassian alipiga kelele, na hakuwahi kumpigia mama yake kelele. "Nilikuuliza! Nilikuuliza kwa mdomo wangu, mbele ya watu, nawe ukaniambia hapana!"

Kokushubira alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu anayesingiziwa.

"Waitu, mwanangu, sikukudanganya. Uliniuliza kama kinauma. Hakikuwa kinauma. Ningesemaje?"

Mtu akijua Kinyambo ataelewa kwa nini Cassian alikaa chini sakafuni. Kwao kuwa mgonjwa ni *okurwara*, na kusikia maumivu ni *okushaasha*. Ni maneno mawili, na hata mtoto hawezi kuyachanganya. Kiswahili kinayabeba yote kwa neno moja, kuumwa, na ukisema unaumwa, anayekusikia ndiye achague. Cassian aliuliza kuhusu ugonjwa. Mama alisikia kuhusu maumivu, na wanawake wote wa Kaisho, Kimuli na Ndama walisikia alivyosikia mama. Na uvimbe huu, ungali mdogo, ungali wa kukatika, hauumi. Hilo Cassian alilijua. Alilijua kwa Kiingereza, alilifanyia mtihani akalifaulu. Lilimpotea njiani, kati ya Kiingereza cha Pryce na Kiswahili chake safi, na hakuligundua kwa sababu alikuwa na haraka ya kujivunia ziwa na titi.

"Ungeniuliza kwetu," mama alisema polepole, naye akianza kuelewa, "ungeniuliza kama kuna kitu humo, ningekuonyesha siku ile ile. Mimi nilidhani wewe unajua vya kuuliza."

Alilia mtafiti yule mbele ya mama yake kama alivyolia alipokuwa mdogo. Mama akamwacha alie, mkono wake mzima ukiwa juu ya kichwa chake. Alipotulia, yeye mama ndiye aliyekuwa amefikiri zaidi.

"Wale waliosimama nyuma yangu," alisema. "Walijibu kwa sababu nilijibu."

"Mama, kosa ni langu."

"Sikuulizi la nani. Niitie wao, na Placidia."

Placidia aliletwa kutoka Kimuli kwa baiskeli ya jirani. Wanawake wa Ndama walikuja, wengine wakidhani wanakuja kuaga. Kokushubira alikuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, na Cassian alitolewa nje, akakaa ukutani chini ya dirisha, akawa anasikia. Alimsikia mama yake akifungua shuka. Kisha akasikia mwanamke huyu aliyekuwa na aibu kuliko wote Ndama, ambaye hakuwahi kunyonyesha mbele ya mkwe, akiwaambia wenzake wasogee.

"Hapa pameharibika, msipaguse. Lakini hapa kwapani kuna kingine bado kidogo. Shikeni. Mmoja mmoja. Mkijue kilivyo."

Wakashika. Placidia aliwaongoza vidole. Wengine walilia, wengine walitoka wakatapika migombani. Dafroza, jirani wa upande wa chini, alishika, akarudisha mkono wake polepole, akauingiza ndani ya nguo yake mwenyewe, na akakaa chini bila kuambiwa.

"Ninacho," alisema. "Hakiumi. Ninacho."

Dafroza alikatwa Bukoba mwezi ule, akapona. Cassian alijiuzulu nafasi yake ya Kampala, akamwandikia Pryce kwamba yote yaliyosomwa mbele ya wale madaktari ni makosa, na kosa lina jina lake. Kisha akaanza kurudia nyumba zote, Kaisho na Kimuli na kwingineko, akiuliza kwa Kinyambo, Placidia akipapasa kila mtu, aliyesema ndiyo na aliyesema hapana. Kila alikokwenda alikuta walio kama Dafroza. Pia alionyeshwa makaburi mapya chini ya migomba, na wenye nyumba walimkaribisha kahawa bila kumlaumu, na hilo lilimtesa kuliko ambavyo lawama ingemtesa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kwanza alikaa na mama yake. Alimwosha, alimfunga vidonda, alimpa dawa ya maumivu kidogo kidogo mpaka ikawa haitoshi. Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi yenye ukungu, na mvua nyepesi ilikuwa ikigonga majani ya migomba. Mama alikuwa amenyamaza tangu alfajiri, na Cassian alidhani hasikii tena. Aliinama, akamuuliza kwa Kinyambo, taratibu, kama sasa maumivu ni makali.

Kokushubira alifumbua macho. Alimtazama mwanawe, akavuta ile pumzi aliyoivuta mbele ya meza, na akajibu kwa Kiswahili, kwa kujikaza, kila silabi mahali pake.

"Naumwa, Bwana Daktari."

Kisha akageuza uso kidogo kuelekea mlangoni, akitafuta ule mkeka uliotundikwa kwenye kamba.

"Sasa nipite kule nyuma, kwa Placidia?"