Mkono wa Mwanakuu

“Kaza zaidi,” Mwanakuu alimwambia Menza, muuza kahawa wa Mwembe Tayari. “Ikilegea, kazi imeharibika.”

“Lakini mama, mkono ni mzima huu.”

“Ndiyo maana naufunga mapema.”

Menza akacheka, akauzungushia bendeji mkono wa kulia, kutoka kifundo hadi ncha za vidole, kama anayemfunika mtoto mchanga. Basi la Voi lililomleta Mwanakuu lilikuwa likishusha mizigo ya mwisho. Ilikuwa asubuhi ya Idi Kubwa, mwaka wa tisini na nne. Mvua ilikuwa imenyesha ikaacha, na wanaume wenye kanzu nyeupe walirudi msikitini wakiruka madimbwi kama kuku.

Huko Voi Mwanakuu alikuwa mpishi wa hoteli ya madereva wa malori. Mwaka mzima alipika, na kila Idi alipokuja kwao Mji wa Kale, mapumziko yake yalikuwa kupika. Hata buibui hajavua, kisu cha vitunguu kishawekwa mkononi. Watu walikula, wakalamba vidole, wakasema, “Mkono wa Mwanakuu huo!” Mkono ndio uliosifiwa. Mwenye mkono alikula ukoko jikoni, amesimama. Njiani alitaka kushuka arudi; lakini kukaa Voi siku ya Idi, yeye na redio yake, nako alikujua. Safari hii alitaka kuona anayengojewa ni nani: yeye, au mkono.

Mlangoni alimkuta wifi yake, Mishi, na kisu tayari.

“Idi mbarak, wifi! Tulikuwa twakungoja we— Yaa Rabbi, umefanya nini?”

“Mafuta ya sambusa.”

“Mpishi kuungua! Kesho tutasikia samaki kazama.” Mishi alikitazama kilima cha vitunguu, kisha akamtazama Mwanakuu, kama mtu aliyeagiza ng’ombe wa maziwa akaletewa picha yake.

Fahim, kakake Mwanakuu, alichungulia kutoka sebuleni. “Basi biriani atapika nani?”

“Na mimi sijambo, kaka.”

Akaketi mkekani karibu na mama yao, akanyoosha miguu. Miguu yenyewe haikujua la kufanya. Kutoka jikoni alisikia vitunguu vikipiga kelele ndani ya mafuta: moto umezidi. Mkono wake ukaruka ndani ya bendeji. Akaukalia.

Mama yake alitazama, akarudi kwenye tasbihi yake.

Adhuhuri sinia likaletwa, wakalizunguka. Mwanakuu alikuwa amewaza kila kitu: kisu, mwiko, makaa, hata namna ya kukunja uso. Hakuwaza mdomo. Bismillah iliposemwa, na njaa ya safari ile, akapeleka mkono uliobaki.

“We! Wa kushoto huo!” Mama akamchapa kofi la vidoleni.

“Nimletee kijiko?” Mishi akauliza.

“Kijiko atakishika kwa upi?” Mama akamjibu.

Mama akajisogeza, akafinya tonge, akalipuliza.

“Fungua.”

“Mama, mimi ni mtu mzima.”

“Nakwambia nini? Fungua!”

Fahim alicheka mpaka akapaliwa. Watoto wakapiga makofi. Wali ulikuwa na kiini, na chumvi ilikuwa imepotea njia. Mwanakuu alitafuna. Mara ya mwisho kulishwa hakuikumbuka. Mara ya mwisho kula wali wa Idi ungali moto, hiyo nayo hakuikumbuka.

Kwa mkono wake wa kushoto mama alikuwa ameupakata ule uliofungwa. Akaubonyeza kidogo. Kisha sana. Mwanakuu aliendelea kutafuna; alipokumbuka kusema “aa!”, wakati wake ulikuwa umeshapita.

Mama hakumgeukia. Aliinama kama anayeokota punje mkekani.

“Mwakani,” akanong’ona, “ufunge wa kushoto.”

Mwanakuu akaacha kutafuna.

“Nini, wamuuma?” Mishi akauliza kutoka ng’ambo ya sinia.

“Wamuuma sana,” mama alijibu kwa sauti. “Huyu leo hata kikombe haoshi.”

Akaibandua nyama kwenye mfupa, akaiviringa na wali, akaliinua tonge. Mwanakuu akafungua mdomo. Ndani ya bendeji, vidole vyake vitano vilikuwa vimetulia.